Changarawe ya Milanzi na hesabu ya chokaa iliyoondoka

Kilima cha nchi kavu chenye chokaa ya asili asilimia 10 katika udongo wake kinabeba tani 105 za chokaa kwa kila ekari, na hapo tumehesabu sentimita 20 za juu tu. Hesabu yenyewe ni fupi. Ekari ina mita za mraba 4,047. Zidisha kwa kina cha mita 0.2 upate mita za ujazo 809, kisha weka uzito wa kilo 1,300 kwa kila mita ya ujazo ya udongo usio na mawe. Unapata tani 1,052 za udongo, na sehemu yake ya kumi ni tani 105. Mwenye kilima hicho hakununua hata kilo moja. Mkulima wa kata ya Milanzi, Manispaa ya Sumbawanga, anayelima mteremko wenye changarawe inayofanana kwa macho na ya kilima hicho, anaweza kuhitaji kununua kilo 800 za chokaa kwa ekari ili maharage na mahindi yake yapate nafuu. Na chokaa hiyo iko karibu kilomita 300 kutoka shambani kwake.

Ushauri mwingi wa kilimo na malisho unazungumzia “udongo wa changarawe” kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Changarawe ya chokaa na changarawe ya chuma zinafanana kwa jembe: zote zinakwangua, zote zinalia, zote zinamaliza makali. Lakini gharama zake zinakwenda pande mbili tofauti, na mtu anayefuata ushauri ulioandikwa kwa ajili ya ile nyingine anaweza kulipa mara mbili.

Tuanze na sababu. Chokaa ninayoisema ni kalsiamu kaboneti, na kinachoamua kama itabaki kilimani au itaondoka ni maji. Pale mvua inapokuwa milimita 400 au 500 kwa mwaka na jua likivuta zaidi ya hapo, maji huingia ardhini nusu mita au mita moja, kisha yanarudi juu kupitia mizizi na joto. Chokaa iliyoyeyuka haifiki mbali. Inaganda humo humo, kwanza kama vumbi jeupe, baadaye kama vidonge, mwishoni kama tabaka gumu. Hapa Tanzania mfano mkubwa ni nyanda za majani mafupi kusini-mashariki mwa Serengeti. Huko majivu ya volkano yenye kaboneti, kutoka Kerimasi na Oldoinyo Lengai, yamejenga udongo wenye chokaa juu ya tabaka ambalo mizizi ya miti inashindwa kulipenya. Nyasi zake ni fupi, lakini zina madini mengi, na nyumbu zaidi ya milioni moja huzifuata kila mwaka wakati wa kuzaa.

Uwanda wa Ufipa, ilipo Milanzi, ni habari nyingine. Mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wote unapata mvua ya kati ya milimita 800 na 1,300, karibu yote kuanzia Novemba hadi Aprili. Miamba yake ni ya kale sana, ya karibu miaka bilioni 2, na haina utajiri wa chokaa. Mvua ikinyesha kwa nguvu miezi sita mfululizo, sehemu yake inapita chini ya mizizi na haigeuki. Tuchukue milimita 200 tu zinazopita hivyo kwa mwaka, na tuseme kila lita inabeba miligramu 10 za kalsiamu. Hiyo ni gramu 2 kwa mita ya mraba, kilo 8 kwa ekari, sawa na kilo 20 za chokaa. Kwa mwaka mmoja hakuna atakayeona tofauti. Kwa miaka 1,000 ni tani 20.

Zimekwenda wapi? Sehemu ya maji ya uwanda huu inashuka magharibi kuelekea Ziwa Tanganyika. Sehemu nyingine inashuka mashariki, mita 1,000 chini, hadi bonde la Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto wa kutokea. Kinachoingia humo kinaondoka kwa mvuke tu, na mvuke haubebi madini. Ndiyo maana maji ya Rukwa ni ya magadi huku udongo wa vilima vya juu ukiwa na tindikali. Mtu akisimama ukingoni mwa uwanda na kutazama bonde anaona pande zote mbili za daftari moja: juu ndiko kulikotolewa, chini ndiko kulikowekwa.

Kilichobaki juu ni vile visivyoyeyuka kirahisi. Mawe meupe ya kwatzi, na kokoto za rangi ya kahawia na nyekundu nyeusi ambazo ni chuma na alumini vilivyoganda. Wafipa walizijua kokoto hizo kabla ya maabara yoyote. Jina la Milanzi, au Milansi kama linavyoandikwa katika historia za Ufipa, ni jina la makao ya watawala wa kale ambao masimulizi yanawahusisha na ufuaji chuma, kabla ukoo wa Watwa haujashika madaraka. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliandika kwa kirefu juu ya habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu dola ya Ufipa. Tanuru za kuyeyushia, malungu, zilifika urefu wa karibu mita 3 na zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Mawe yaliyolishwa humo yalikuwa ya jamii hii hii ya kokoto nyekundu. Udongo uliowapa Wafipa majembe ni udongo ule ule unaowadai wajukuu wao mbolea.

Namna ya kutofautisha changarawe hizi mbili haigharimu kitu. Ponda jiwe dogo, weka unga wake kwenye kisahani, dondoshea siki au maji ya ndimu. La chokaa litatoa mapovu. La chuma litabaki kimya, na ukilikwangua kwenye kigae kisichong'arishwa litaacha mstari wa kahawia au mwekundu.

Sasa tufike kwenye hesabu ambayo naona inaumiza wakulima wengi zaidi, nayo ni ya chekeche. Maabara ya udongo, iwe TARI Uyole mkoani Mbeya, TARI Mlingano mkoani Tanga au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, hupitisha sampuli kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 2 kabla ya kupima. Mawe yote yanatupwa. Matokeo yanayoandikwa kwenye karatasi ni ya udongo laini peke yake. Hakuna kosa hapo, ndiyo kanuni ya dunia nzima. Kosa linatokea pale mapendekezo ya “kilo kadhaa kwa ekari” yanapotolewa kana kwamba ekari nzima ni udongo laini.

Chukua mteremko ambao changarawe ni asilimia 40 ya ujazo. Udongo laini unaobaki katika sentimita 20 za juu si tani 1,052 tena, ni tani 631. Kila kinachohesabiwa kwa kilo ya udongo, iwe rutuba iliyopo au tindikali inayotakiwa kuzimwa, kinapungua kwa asilimia 40. Hapa kuna mtego mwingine, kwa sababu mkulima akipima nyumbani atapima kwa mizani, si kwa ujazo, na jiwe ni zito kuliko udongo. Katika mita moja ya ujazo ya mteremko huo mawe yana kilo 1,060 na udongo laini kilo 780. Kwa hiyo ukichota ndoo ya udongo, ukaukausha juani, ukauchekecha na kuupima, mawe yatakuwa kilo 5.8 katika kila kilo 10. Anayeona 5.8 akadhani shamba lake ni asilimia 58 mawe amekosea. Ni asilimia 40. Kokoto za chuma ni nzito hata kuliko kwatzi, kwa hiyo kwazo pengo hilo linazidi kidogo.

Maji nayo yana hesabu yake. Udongo wa tifutifu unahifadhi karibu milimita 150 za maji yanayoweza kunyonywa na mmea kwa kila mita ya kina. Mahindi yenye mizizi ya nusu mita yana akiba ya milimita 75. Weka changarawe asilimia 40, akiba inashuka hadi milimita 45. Mahindi yanayotoa mbelewele hutumia kama milimita 5 kwa siku. Bila mawe, yanastahimili siku 15 bila mvua. Yenye mawe, siku 9. Februari ikiwa na pengo la siku 12, jirani anavuna na wewe unalaumu mbegu. Changarawe laini ya chokaa, ile inayovunjika kwa kucha, hunyonya maji kiasi na kuyarudisha, hivyo hasara yake ni ndogo zaidi. Kwatzi hainyonyi kitu.

Tanzania ina kumbukumbu chungu ya kutopima ardhi kabla ya kutumia fedha. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, Kongwa ikiwa kitovu chake, ulikusudia ekari milioni 3.2. Ukavunjwa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa chini ya miguu yao: udongo wa nchi kavu uliokuwa na mchanga mkali wa kwatzi uliokula vyuma vya mashine, kisha ukagandamana kiangazi kiasi cha kufanya uvunaji wa karanga kuwa kazi ya kuvunja sakafu. Baadaye sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo ilikuwa inaifaa tangu mwanzo.

Tindikali yenyewe hupimwa kwa pH, na kila namba moja ya pH ni mara 10. Udongo wa kilima chenye chokaa hukaa karibu na 8. Hauwezi kupanda sana zaidi ya 8.3 isipokuwa sodiamu imeingia, kama kandokando ya maziwa ya magadi. Udongo wa mteremko uliooshwa ukiwa na pH 5 una tindikali mara 1,000 zaidi ya ule. Chini ya 5.5 alumini inaanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Maharage yanalia mapema. Mahindi yanavumilia kiasi. Ulezi na mihogo vinavumilia zaidi, na sioni kuwa ni bahati tu kwamba ulezi ulikuwa nafaka kuu ya Ufipa kwa vizazi vingi.

Fosforasi ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi changarawe hizi mbili zinavyotofautiana. Kwenye udongo wa chuma inashikwa na chuma na alumini. Kwenye udongo wa chokaa inashikwa na kalsiamu. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una nitrojeni kilo 9 na fosforasi kilo 10. Mmea ukiipata asilimia 15 hadi 20 ya fosforasi hiyo katika msimu wa kwanza, kilo 8 au zaidi zimebaki zimefungwa. Kwa bei ya ruzuku ya msimu wa 2022/2023, mfuko huo uliuzwa Sh 70,000. Lakini dawa za tatizo hili hazifanani. Mbolea ya mawe ya fosfeti kutoka Minjingu, mkoani Manyara, inahitaji tindikali ili iyeyuke. Kwenye mteremko wa Milanzi wenye pH 5 itafanya kazi, na kalsiamu iliyomo ni faida ya ziada. Ipeleke kwenye kilima chenye chokaa na pH 8, itakaa pale kama kokoto nyingine. Nimesikia watu wakibishana kwa ukali kama Minjingu “inafaa” au “haifai” bila hata mmoja kutaja pH ya shamba lake.

Mbolea za nitrojeni zenyewe huongeza deni la chokaa, na deni hilo halionekani kwenye risiti. Kila kilo ya nitrojeni ya SA inahitaji karibu kilo 5.4 za chokaa kuzima tindikali yake. Ya DAP kilo 3.6, ya urea kilo 1.8. Kwa hiyo mfuko mmoja wa SA wenye nitrojeni kilo 10.5 unaacha deni la kilo 57 za chokaa. Mfuko wa urea, wenye nitrojeni kilo 23, unaacha kilo 41. DAP, kilo 32. CAN karibu haiachi deni, kwa sababu imechanganywa na chokaa tangu kiwandani. Mkulima anayeweka DAP mfuko mmoja na urea mfuko mmoja kwa ekari anadaiwa kilo 73 kila msimu. Kwa misimu 10 ni kilo 730. Mkoa wa Rukwa, ilipo Sumbawanga, umehesabiwa kwa miongo mingi miongoni mwa mikoa minne ya ghala la mahindi, pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma. Mbolea iliyolipia sifa hiyo imeacha deni lake ardhini.

Basi chokaa inagharimu nini? Hapa namba za bei ni za mfano. Mwenye bei ya leo aweke yake, mpangilio wa hesabu haubadiliki. Tuseme mfuko wa kilo 50 wa chokaa iliyosagwa ni Sh 5,000 kwenye chanzo. Chanzo cha karibu chenye mawe mengi ni Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya, ambako chemchemi za maji moto zimejenga miamba ya chokaa na mapango maarufu ya popo, na ambako kiwanda cha saruji kinachimba. Kutoka Songwe hadi Tunduma, kisha kilomita 224 za lami hadi Sumbawanga, jumla ni karibu kilomita 300. Tuweke nauli ya Sh 150 kwa tani kwa kilomita: Sh 45,000 kwa tani, yaani Sh 2,250 kwa mfuko. Kupakia na kushusha Sh 750. Mfuko unafika Sh 8,000, na kilo moja ni Sh 160.

Kiasi kinachohitajika kinatoka kwenye alumini ambayo maabara imeikuta. Ikiandikwa 1, kwa kipimo cha sentimoli kwa kilo, kila tani ya udongo inahitaji nusu kilo ya chokaa kuizima, na desturi ni kuongeza nusu ya kiasi hicho juu yake kwa sababu chokaa haichanganyiki sawasawa. Kwa ekari isiyo na mawe: tani 1,052 mara nusu kilo, ni kilo 526, ukiongeza nusu yake unapata kilo 789. Mifuko 16, Sh 128,000. Kwa ekari yenye changarawe asilimia 40: tani 631, kilo 473, mifuko 10, Sh 80,000.

Tofauti ni Sh 48,000 kwa ekari moja, na imetokana na chekeche. Mwenye ekari 5 za mteremko ambaye hakuchekecha atamwaga Sh 240,000 juu ya mawe. Tena si fedha peke yake: chokaa ikizidi kwenye udongo mwepesi inafunga zinki na chuma, na shamba la Milanzi linaanza kuugua ugonjwa wa kilima cha nchi kavu, majani ya njano yenye mishipa ya kijani, bila kupata hata faida moja ya kilima hicho.

Je, inalipa? Chokaa iliyosagwa vizuri hufanya kazi misimu kadhaa. Tukigawa Sh 80,000 kwa misimu 4 ni Sh 20,000 kwa msimu. Gunia la mahindi la kilo 100 likiwa Sh 50,000, ongezeko la kilo 40 kwa ekari linarudisha fedha yote. Kwa shamba ambalo alumini kweli ni 1 au zaidi, naona hilo ni lengo dogo. Kwa shamba ambalo alumini ni sifuri, hata mfuko mmoja ni hasara, na mashamba ya namna hiyo yapo, hasa mabondeni na kwenye viwanja vya nyumba za zamani palipomwagwa majivu na samadi miaka mingi.

Majivu, ndiyo. Watu huuliza kama hayawezi kuchukua nafasi ya chokaa. Nguvu yake ni kama nusu ya chokaa au pungufu. Kaya inayochoma tani 2 za kuni kwa mwaka, kuni zikiacha majivu asilimia 1, inapata kilo 20 za majivu, sawa na kilo 10 za chokaa. Zinatosha bustani ya mboga, si ekari. Wabemba wa kaskazini mwa Zambia, majirani wa Ufipa wenye udongo wa aina hiyo hiyo, walilitatua jambo hili kwa chitemene: walikata matawi ya miti kwenye eneo kubwa mara kadhaa kuliko shamba, wakayarundika na kuyachoma, majivu ya eneo kubwa yakalisha eneo dogo. Inahitaji miti. Uwanda wa Ufipa, ambao sehemu kubwa ni nyasi tupu, haukuwa nayo.

Wafipa wakatengeneza ntumba, na kila nikizipigia hesabu nazidi kuziheshimu. Kuelekea mwisho wa mvua, nyasi pamoja na udongo wake hukatwa kwa jembe na kugeuzwa chini juu kuwa tuta la mviringo, nyasi zikiwa ndani. Maharage yanaweza kupandwa juu. Nyasi zinaoza. Msimu unaofuata tuta linatawanywa na ulezi au mahindi yanapandwa. Tuseme kila tuta na njia yake vinachukua mita moja ya mraba, na mkulima anainua sentimita 10 za juu. Tuta moja lina kilo 130 za udongo. Ekari ina matuta zaidi ya 4,000. Huo ni mzigo wa tani 526, nusu ya udongo wote wa juu, ulioinuliwa kwa mkono.

Anapata nini kwa jasho hilo? Nyasi za tani 3 kavu kwa hekta, zikiwa na nitrojeni asilimia 0.8, zinaweka kilo 24 za nitrojeni kwa hekta, karibu kilo 10 kwa ekari. Hiyo ni zaidi kidogo ya nitrojeni iliyomo kwenye mfuko mmoja wa DAP. Pale ambapo udongo laini una kina cha sentimita 20 tu juu ya changarawe, tuta linaurundika pamoja na kina cha mizizi katikati yake kinakaribia kuwa mara mbili. Na mboji inayooza inaishika alumini na kuipunguzia ukali bila kuagiza chochote kutoka Songwe. Haiondoi deni la chokaa, lakini inalipunguza makali. Afisa ugani anayewaambia watu waache ntumba kwa kuwa ni za kizamani angepaswa kwanza kuonyesha ni wapi watapata kilo 10 hizo za nitrojeni na kina hicho cha udongo, na kwa bei gani.

Vilima vya malisho vinahitaji hesabu tofauti kabisa, na hapa msimamo wangu ni mkali: usiweke chokaa kwenye kilima cha ng'ombe. Ng'ombe mmoja wa kilo 250 hula karibu kilo 6.25 za majani makavu kwa siku, kilo 2,281 kwa mwaka. Kilima kikavu kinachotoa tani moja kwa hekta, ukiacha nusu ili nyasi ziendelee kuishi, kinahitaji hekta 4.6 kwa ng'ombe mmoja, ekari 11. Uwanda wenye mvua ukitoa tani 3, unahitaji hekta 1.5, ekari 4 hivi. Kuweka chokaa kwenye ekari hizo 4, hata kwa kiwango cha changarawe, ni Sh 320,000 kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Sasa mtazame ng'ombe mwenyewe. Lita ya maziwa ina kalsiamu karibu gramu 1.2. Akitoa lita 5 kwa siku kwa siku 300, ametoa kilo 1.8 za kalsiamu, iliyomo katika kilo 4.5 za chokaa safi. Hesabu kwamba mwili unanyonya nusu tu, inakuwa kilo 9. Kilo 9 kwenye jiwe la chumvi, pamoja na unga wa mifupa kwa ajili ya fosforasi, zinamfikia mnyama moja kwa moja. Kilichobaki kwenye kilima ni kulinda nyasi. Milimita moja ya udongo ikisombwa kutoka ekari moja ni tani 5. Kinachosombwa ni udongo laini, mawe yanabaki, na baada ya miaka kilima kinaonekana kama kimeota mawe wakati kwa kweli kimepoteza kila kitu kingine. Ukilima au kuchunga hadi kilima kifike hapo, changarawe ya asilimia 40 inakuwa 60, na siku 9 za kuhimili ukame zinakuwa 6.

Turudi kwenye mashamba na tuipanue hesabu. Ekari 100,000 tu za Rukwa, kwa wastani wa kilo 700 za chokaa, zinahitaji tani 70,000. Kwa malori ya tani 30 hiyo ni safari 2,333. Zikigawanywa katika misimu 4, ni safari 583 kwa mwaka, chini ya 2 kwa siku. Barabara ya lami haitazihisi. Malori tayari yapo: yanatoka Sumbawanga kuelekea Tunduma na Mbeya yakiwa na mahindi. Kila lori la tani 30 linaondoka na magunia 300, na kwa kuwa tani moja ya mahindi hubeba karibu kilo 3 za fosforasi, linaondoka pia na kilo 90 za fosforasi, mifuko 9 ya DAP. Lori hilo likirudi na chokaa badala ya kurudi tupu, nauli ya kwenda ikiwa imelipwa na mahindi, na dereva akikubali nusu ya ile Sh 150, mfuko unashuka kutoka Sh 8,000 hadi Sh 6,875. Kwa ekari ya changarawe ni Sh 68,750. Lori moja linatosha ekari 63, yaani wakulima 20 au 30 wa kijiji kimoja wakiagiza kwa pamoja, kila mmoja akiwa na karatasi ya maabara mkononi na uzito wa mawe yake umeandikwa nyuma yake.

Wakati wa kuagiza ni Juni hadi Agosti, mahindi yanapouzwa na malori yanapopanga foleni. Chokaa inahitaji mwezi mmoja au miwili ardhini, na mvua za kwanza, kabla ya mbegu. Anayengoja Novemba atakuta nauli imepanda kwa sababu kila mtu anasomba mbolea.